Kufunga misitu pekee hakutoshi Migori na Homa Bay

SERIKALI ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, agizo lilikuwa la siku 90. Liliongezwa muda mara kadhaa, hadi Rais William Ruto alipoliondoa Julai 2023.

Hata hivyo, marufuku hayapunguzi haja ya kuni. Mkulima wa tumbaku kaunti ya Migori huhitaji moto wa kukausha majani, naye mama anayekaanga mgongo wazi ufuoni Homa Bay huhitaji jiko liwake. Msitu ukifungwa, shoka huhamia shambani.

Hapo ndipo hasara hujificha. Mti aliokuza mkulima mwenyewe haumo katika hesabu ya faida ya tumbaku, ilhali angeweza kuuuza kama nguzo au mbao.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP yamewasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe, zao linalokaushwa kwa jua na lililotafutiwa mnunuzi. Funzo ni wazi: anayetaka kuhifadhi miti sharti kwanza ampe mwananchi riziki isiyohitaji shoka.