Daftari la wiki: Jenerali ana kitabu, mpagazi hana

Jumatatu, Migori

Karibu na steji ya matatu za Rongo na Kisii kijana ametandaza turubai na kupanga vitabu. Vya dini viko upande mmoja, vya mitihani upande wa pili, na katikati ameweka vile vinavyotoka haraka: The 48 Laws of Power cha Robert Greene, Sun Tzu, Machiavelli. Karatasi ni nyembamba na wino umefifia, lakini wateja hawajali. Wengi ni vijana wa bodaboda na wanafunzi wa vyuo. Mmoja alisimama nikiwepo, akakifungua kile cha Greene, akauliza bei, akaenda zake, kisha akarudi na pesa.

Kiu hiyo naiheshimu. Kijana anayetawaliwa ana haki ya kujua mamlaka yanavyotafutwa, yanavyolindwa na yanavyopokonywa. Linaloniuma ni kwamba walimu aliopewa ni Talleyrand na Louis wa 14, ilhali anaishi kwenye ardhi iliyokanyagwa na majeshi ya Wajerumani na Waingereza, ardhi iliyotoa maelfu ya askari na wapagazi, na ambayo ng'ambo yake tu, Homa Bay, amezikwa mmoja wa wanasiasa wenye akili nyingi zaidi Kenya imewahi kuwa nao. Nilimuuliza muuzaji kama ana kitabu chochote kuhusu askari wa huku kwetu. "Cha huku sijakiona, mzee," akasema. Jibu hilo limenisumbua wiki nzima.

Jumanne, Thimlich Ohinga

Kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo bado zimesimama, mahali pengine zikizidi mita nne kwenda juu. Wataalamu wanakadiria kwamba zilianza kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Milango yake ni mifupi. Mtu mzima huingia ameinama, kichwa kimetangulia, mkono hauna nafasi ya kurusha mkuki, na aliyekuwa akimngoja ndani alikuwa amesimama wima. Weka kiganja ukutani pale mlangoni utahisi jinsi jiwe kubwa lilivyobanwa kwa vijiwe vilivyosukumizwa katika kila mwanya, kimoja kimoja, kwa subira. Hayo ni maarifa kamili ya vita, na mwanafunzi wa Migori anaweza kuyasoma kwa nauli tu.

Walioyapanga mawe hayo hatuna jina la hata mmoja wao.

Jumatano, Karungu

Ufuo huu umetulia leo, mitumbwi imepandishwa mchangani na akina mama wanaanika omena. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande uliokuja kuitwa Tanganyika, wakafika hapa Karungu, wakapanda hadi Kisii, na tarehe 12 mwezi huo wakapambana huko na kikosi cha King's African Rifles, KAR. Vita vilivyoanzia Ulaya vilikuwa vimefika ziwani kwetu katika muda wa wiki chache.

Vitabu vya vita hivyo vipo, tena vizuri. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri Novemba 1918, na mwaka 1920 kumbukumbu zake zilikuwa tayari zimetoka kiwandani. Maofisa wa Kiingereza nao waliandika. Ukivisoma vyote hivyo unajua mto gani ulivukwa lini, na nani alimzunguka nani. Aliyebeba mzinga, unga na maji ya kuvukia mto huo anatajwa kama idadi: wapagazi mia tano, wapagazi elfu.

Mwezi Machi 1917 serikali iliona jeshi linakwama kwa kukosa mabega ya kubebea. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza na aliyejulikana sana huku, akapewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi. Kila chifu alitajiwa idadi yake. Hapa ndipo somo la mamlaka lilipo, na Greene hakuligusa: serikali ilisema idadi, lakini ni chifu na wazee wake walioamua ni boma la nani litatoa mtu. Mwenye mali alikuwa na la kutoa badala ya mwanawe, na mwenye ndugu barazani alikuwa na wa kumsemea. Yatima, mgeni aliyepewa shamba na ukoo usio wake, kijana ambaye baba yake aliwahi kugombana na mkubwa, hao hawakuwa na pa kukimbilia.

Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa, na unga wa mahindi usioiva vizuri uliopikwa haraka kandokando ya njia. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, alipigania chakula bora na hospitali, na stahili yake apewe. Hata hivyo, vifo vilivyoandikwa na serikali kwa wapagazi wa upande wa Waingereza vilipita 40,000, na wanahistoria wanaona idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Geoffrey Hodges aliwatafuta wazee wachache waliokuwa bado hai na kuandika The Carrier Corps, kilichotoka mwaka 1986. Kwangu mimi, hicho ndicho kitabu cha kwanza cha vita ambacho kila maktaba ya shule ya Migori na Homa Bay ingepaswa kuwa nacho, kabla ya Sun Tzu.

Nairobi ina sanamu tatu za mwaka 1928 kwenye Kenyatta Avenue, mmojawapo akiwa mpagazi. Maandishi ya chini, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawaahidi kwamba hata wakifa majina yao yatakumbukwa na wana wao. Hakuna jina hata moja limechongwa pale. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri rasmi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko kulichukua zaidi ya miaka mia moja.

Alhamisi, Kendu Bay hadi Homa Bay

Askari mmoja wa Vita Kuu ya Pili kutoka sehemu hizi anajulikana dunia nzima, na hakushika cheo. Hussein Onyango Obama wa Kanyadhiang', hapa Kendu Bay, alifuatana na ofisa wa Kiingereza kama mpishi hadi Burma. Maisha yake yamo katika Dreams from My Father, kitabu alichokichapisha mjukuu wake mwaka 1995 kabla hajawa mtu mkubwa. Kurasa ambazo bibi wa mwandishi anasimulia habari za Onyango ni miongoni mwa maandishi bora niliyosoma kuhusu mtu wa huku aliyeishi chini ya Mwingereza: ukali wake, usafi wake, kiburi chake, uchungu wake. Lakini fikiria ni wangapi waliondoka naye kutoka Karachuonyo, Kasipul na Gwassi, wajukuu wao ni makondakta na walimu, na hakuna aliyekuja na kalamu.

Mwalimu mstaafu mjini Homa Bay alinionyesha alichoachiwa na baba yake. Akakitoa kwenye mkebe wa Kimbo, kimefungwa kitambaa. Nyota ya shaba yenye ncha sita, katikati taji na herufi za mfalme, kuzunguka taji maneno ya Kiingereza yanayosema ni nyota ya Burma. Utepe umechakaa, ila ukiutazama karibu na dirisha bado unaona wekundu wa katikati na buluu nzito pembeni iliyopitiwa na mstari wa rangi ya machungwa. Nikaigeuza. Nyuma ni tupu. Waingereza hawakuandika majina kwenye nyota za vita vile, hata za askari wao wenyewe, kwa hiyo asiyejua ilitoka kwa nani hawezi kujua kwa kuitazama. Kitabu chake cha kuachishwa jeshi, chenye jina na namba, kililiwa na mchwa.

"Mzee alikuwa anasema nini kuhusu huko?" nikamuuliza.

"Mvua, mwandishi. Alisema mvua na matope, na nyumbu kuzama. Na kwamba Mjapani naye alikuwa analia mama yake usiku."

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake walivaa alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipita bonde la Kabaw katika mvua za monsuni za 1944 ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwishoni mwa mwaka huo. Gerald Hanley, ofisa aliyekuwa nao, alitoa Monsoon Victory mwaka 1946. Waruhiu Itote, koplo kutoka Nyeri, naye alikuwa Burma. Akarudi, akaingia msituni, akaitwa Jenerali China, na mwaka 1967 akaandika Mau Mau General. Mwaka huohuo Jaramogi Oginga Odinga alitoa Not Yet Uhuru. Kwa hiyo Nyeri ilipata kumbukumbu za askari wake, na Nyanza ikapata kumbukumbu za kiongozi wake. Cha Jaramogi nakipenda na narudi kukisoma. Bado yule wa Kabaw aliyerudi Homa Bay akakuta askari wazungu wanagawiwa mashamba huku yeye akiambiwa asante, hakuna aliyemwandika.

Senior Chief Paul Mboya wa Karachuonyo alithibitisha mapema kwamba kazi ya namna hii inawezekana hapahapa, kwa lugha ya hapahapa. Luo Kitgi gi Timbegi kilitoka mwaka 1938, na mpaka leo watu wanakitafuta wanapobishana juu ya mila.

Ijumaa, Kehancha

Wakuria wa upande wa Kenya, wa koo za Bukira, Bugumbe, Nyabasi na Bwirege, wana ndugu zao Tarime ng'ambo ya mpaka, na pande zote mbili zimetoa askari kwa jeshi tangu siku za KAR. Wale wa Tanzania walikwenda kwa wingi vita vya Kagera, 1978 na 1979, vita ambavyo Tony Avirgan na Martha Honey waliviandikia War in Uganda. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher alikaa Tarime na mwaka 2000 akatoa Kuria Cattle Raiders. Hoja yake ni nzito: bunduki na ujuzi wa vitani vilirudi nyumbani pamoja na askari, na wizi wa ng'ombe wa mikuki ukageuka wa risasi.

Nakubali ushahidi wake. Ninachodai ni kitabu cha pili. Niliokutana nao Kehancha ni wanajeshi wastaafu wanaolima tumbaku na mahindi, wanaoamsha watoto saa kumi na moja waende shule, na wanaoitwa kusuluhisha ng'ombe wanapopotea mpakani. Hao hawapo katika kitabu cha Fleisher, na mtu asiye wa Kuria akisoma kitabu hicho peke yake atadhani kila aliyevaa magwanda huku alirudi kuwa mwizi.

Jumamosi, Rusinga

Kaburi la Tom Mboya, Kasawanga, limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Aliyefyatua alinyongwa mwaka huohuo, na yule aliyemwita "mkubwa" hajafikishwa mahakamani hadi leo. Freedom and After, alichokiandika mwaka 1963, ni somo la mamlaka kutoka kwa mtu aliyeyajua kwa ndani, na akauawa akiwa ndani yake. Kila mwanafunzi wa Mbita angekisoma kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Katika gari la kurudi mazungumzo yaligeukia Agosti 1, 1982, siku askari wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali. Kwa abiria wa rika langu tarehe hiyo haihitaji maelezo. Hezekiah Ochuka wa Nyakach, askari wa cheo cha chini katika jeshi hilo aliyeongoza jaribio hilo, alinyongwa Kamiti mwaka 1987. Kitabu cha Babafemi Badejo juu ya Raila Odinga, cha mwaka 2006, kilirudisha mjadala huo magazetini, na wakubwa wakajibizana kwa wiki kadhaa. Vijana wa anga waliofungwa, wakatoka jela bila kazi na bila pensheni, wakarudi kuvua samaki na kuendesha matatu, wako hai wengine, wana miaka sitini na zaidi. Niliongea na mmoja. Hakutaka jina lake litajwe, na nimelificha. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwomba asimulie.

Jumapili

Ombi langu kwa walimu wa historia wa Migori na Homa Bay ni hili. Muhula ujao mpeni kila mwanafunzi daftari la kurasa 48, aende nalo nyumbani kwa mzee mmoja ambaye yeye, baba yake au babu yake alivaa magwanda au alibeba mzigo wa jeshi. Aandike jina kamili, ukoo, kijiji, namba ya jeshi kama ipo, aliondoka mwaka gani, alipelekwa wapi, na kama alirudi. Nyota na karatasi zipigwe picha kabla mchwa hawajazifikia. Madaftari hayo yafungwe pamoja, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa, Nairobi. Na kama una nyota ya namna hiyo kwenye mkebe nyumbani, usingoje mwalimu: chukua kipande cha karatasi leo, andika ilikuwa ya nani, uifunge nayo.