Dafu la mgonjwa wa figo

Wiki iliyopita tulikwenda Kilwa Kivinje kumzuru ndugu yetu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, naye sasa anaishi kwa kusafishwa damu kwa mashine. Tulimchukulia madafu mawili. Mkewe aliyapokea kwa adabu, akayaweka kando, kisha akatueleza kwa upole kwamba wauguzi wamemkataza mumewe.

Hatukulijua hilo. Maji ya dafu yana madini ya potasiamu kwa wingi, na figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa. Yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo ghafla. Tende na ndizi nazo ni hivyo hivyo. Hata maji ya kawaida mgonjwa huyanywa kwa kipimo, kwani yasipotoka kwa mkojo hujaa mwilini na kufika mapafuni. Na yule aliyewekewa mpira shingoni hana budi kuuhifadhi usilowe, maana uchafu ukiingia hapo umeingia kwenye damu. Katika josho na auulize uongozi wa msikiti juu ya ruhusa zake. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Suratul Baqara, aya ya 184, wala kuitumia si upungufu wa imani.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni safari. Kwa kawaida damu husafishwa mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na anayekosa zamu huingia hatarini hata kama anajihisi mzima. Kwa mtu wa Kilwa, zamu hizo ni nauli, malazi ya ugenini na mtu wa kumsindikiza, wiki hadi wiki. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu pale Somanga, sote tulihesabu mizigo iliyokwama. Zamu za wagonjwa hatukuzihesabu.

Mke wa ndugu yetu alikiri kwamba mumewe amekwisha kosa zamu mbili kwa kukosa nauli, naye aliona haya kusema. Kamati imeafikiana kwamba sanduku la Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi liwe la nauli za wagonjwa wa figo. Wenye shinikizo la damu na kisukari nao wasiache dawa wala vipimo, kwani maradhi hayo mawili ndiyo yanayoharibu figo za wengi.

Anayemjua mgonjwa aliyenyamaza, atuletee jina lake baada ya sala ya Isha.