Mbinu za Kale za Kusafisha Picha Zisifanywe Siri

Tarehe 19 Agosti 1839, mbinu ya Louis Daguerre ya kunasa picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha ilielezwa hadharani jijini Paris, na serikali ya Ufaransa ikauachia ulimwengu ujuzi huo bure. Uingereza ilibaki nje ya zawadi hiyo, kwa kuwa siku chache kabla Daguerre alikwisha kuiwekea mbinu yake hataza huko. Mwingereza William Henry Fox Talbot naye aliiwekea hataza mbinu yake ya negativu ya karatasi mwaka 1841. Hataza hiyo haikufika Scotland, na matokeo yake yanafundisha mengi. Kuanzia 1843 jijini Edinburgh, mchoraji David Octavius Hill na mwenzake Robert Adamson walitengeneza kwa negativu za karatasi picha ambazo mpaka leo zinahesabiwa miongoni mwa kazi bora za karne ile, ilhali kusini mwa mpaka mtu aliyetaka kufanya biashara kwa mbinu hiyohiyo alipaswa kwanza kupata leseni. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alichapisha mbinu ya kolodioni juu ya kioo bila kudai malipo, na baada ya miaka michache tu kioo chake kilikuwa kimezipiku zote mbili.

Historia hiyo inapaswa kuwaongoza wote wanaozifufua mbinu za kale leo, katika nchi yoyote ile. Jumuiya yao itadumu iwapo itaandika kanuni zake wazi na kuwapokea mafundi wa mazingira tofauti kama wenzi wa utafiti. Picha za platini zinaonyesha hatari ya kufanya kinyume. William Willis alipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1873, na wapiga picha wakazoea kununua karatasi iliyokwisha kupakwa dawa kiwandani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopandisha bei ya platini, karatasi hizo zilianza kutoweka madukani, na ufundi wenyewe ukabaki kwa watu wachache kwa miongo mingi, kwa kuwa waliokuwa wakizitumia karatasi hizo hawakuwa wameshika kazi ya kuzitengeneza. Katika miaka ya 1980 mkemia wa Uingereza Mike Ware na mpiga picha Pradip Malde, mzaliwa wa Arusha, walirudi kwenye kemia yake na kuunda namna mpya, ambayo picha hujitokeza yenyewe karatasi ikiwa bado kwenye mwanga. Waliichapisha kanuni hiyo ili kila mwenye nia aijaribu.

Zipo hoja za kupinga. Wengine husema vitabu vinatosha. Lakini katika mbinu ya Malde na Ware, unyevu uliomo ndani ya karatasi ndio unaoamua kama picha itakuwa ya kahawia au nyeusi, na unyevu wa Tanga si wa Arizona. Kanuni iliyoandikwa mahali pakavu ni nusu tu ya ujuzi mpaka fundi wa pwani aijaribu na kuandika alichokiona. Hoja nzito zaidi ni kwamba uwazi humfukarisha mvumbuzi, na Archer kweli alifariki maskini mwaka 1857. Hata hivyo Daguerre alipewa pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka badala ya siri yake. Yaani inawezekana kumlipa mtu na kuuachia ujuzi wake uende, na vyuo na makumbusho ya leo vina uwezo wa kumlipa fundi anayefundisha.

Wapo pia wanaoona haya ni mapambo ya matajiri, hasa zama hizi za simu. Kwa platini wana haki. Lakini sayanotaipu, mbinu ya rangi ya buluu aliyoigundua John Herschel mwaka 1842, inataka chumvi mbili za chuma, karatasi, jua na maji ya kuoshea, na Anna Atkins aliitumia kutengeneza kitabu kizima cha mwani bila kamera. Shule yenye uwanja wenye jua inaweza kuifundisha. Tena ujuzi huu una kazi ya lazima katika nyaraka zetu. Karatasi yenye alkali ambayo watunza nyaraka huitumia kukinga picha nyingine dhidi ya asidi hufifisha buluu ya sayanotaipu. Mtunzaji asiyejua picha ilitengenezwaje anaweza kuiharibu huku akidhani anaihifadhi.

Mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zipatazo 7,500 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Kule wapo wataalamu wa karatasi na dawa, na huku wapo wanaoweza kuitambua mitaa, mavazi na hata nyuso zilizomo. Pande hizo mbili zikutanishwe kwa kazi, si kwa semina ya siku moja. Fundi wa Zanzibar asafishe picha upya kwa mbinu za wakati ule, ajaribu karatasi zinazopatikana hapa, na vipimo vyake vya unyevu, maji na jua vichapishwe kwa Kiswahili sambamba na vya wenzake wa kule, jina lake likiwa juu yake.