Nani kasema difu haifunguliwi nyumbani?

Ukiuliza kokote Nairobi kama mtu anaweza kubadilisha gia za ekseli mwenyewe, nyumbani kwake, utaambiwa hapana kabla hujamaliza kuuliza. Injini wanakuruhusu. Breki wanakuruhusu, ajabu hiyo, ingawa breki ndizo zitakazokuua kwanza. Lakini difu? "Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkono," utajibiwa, na mazungumzo yameishia hapo.

Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wenye faida kwa wanaousema.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala chini ya gari, hebu tuelewane kwanza. Ndani ya ekseli kuna gia mbili kuu: pinioni, ndogo, inayozungushwa na propela, na krauni, kubwa, inayozungusha magurudumu. Gari langu ni Land Cruiser 80 yenye dizeli ya 1HZ, lita 4.2, haina turbo. Ilikuja na uwiano wa 4.10, yaani propela inazunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi zake zilikuwa 275/70R16, urefu wake kama sentimita 79. Sasa ina tairi za inchi 35, karibu sentimita 89. Piga hesabu. Tairi imekua kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo ule uwiano wa 4.10 unafanya kazi kama 3.65. Ndiyo maana ukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru lori za mawe zinakupita huku dereva akikuangalia kwa huruma. Na mshale wa spidi ukisema 100, wewe uko 112.

Watu wanatumia pesa nyingi kununua tairi na springi za kuinua gari, kisha wanalalamika kwamba injini imezeeka! Injini haina kosa. Nilihitaji kama 4.6 ili nirudi nilipokuwa. Gia zinazopatikana ni 4.56 na 4.88, nikachukua 4.88 kwa sababu nabeba maji na mafuta ya ziada ninapokwenda kaskazini. Ni lazima kubadilisha mbele na nyuma pamoja. Ukibadilisha ekseli moja, siku utakayofunga 4WD kwenye lami ekseli hizo mbili zitapigana mpaka kitu kivunjike.

Haya, "mkono" unaozungumziwa ni upi? Nimefungua, nimefunga, na ninachokiona ni vipimo vinne. Cha kwanza ni kina cha pinioni, yaani imeingia kiasi gani kuielekea krauni. Hiki hurekebishwa kwa shimu, vile visahani vyembamba vya chuma. Cha pili ni ukazo wa beringi za pinioni, unaopimwa kwa nguvu inayotakiwa kuizungusha kwa ulaini. Cha tatu ni ukazo wa beringi za pembeni zinazobeba krauni. Cha nne ni mchezo kati ya meno ya gia hizo mbili. Kwa difu nyingi za ukubwa huu mchezo huo ni kati ya milimita 0.13 na 0.20. Karatasi mbili za A4 ukizibana pamoja ni karibu 0.20. Hebu niambie, ni kidole cha nani kinachoweza kuhisi tofauti kati ya 0.13 na 0.25? Hakuna. Unahitaji ile geji yenye uso kama wa saa na kitako cha sumaku, ambayo bei yake ni chini ya tairi moja ya hizo ulizonunua kujionyesha.

Kisha unapaka rangi kwenye meno machache ya krauni, unazungusha huku mwenzako akiizuia kidogo, na unaangalia alama. Hapa ndipo mimi mwandishi wa programu ninapopapenda, maana alama ile haidanganyi wala haibembelezi. Ikikaa chini kabisa, kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno. Ikikaa juu kwenye ukingo, pinioni iko mbali. Ikielemea upande mmoja wa urefu wa jino, tazama tena mchezo. Unatoa beringi, unabadilisha shimu, unarudisha, unapaka tena. Mimi nilirudia mara sita kwa difu ya nyuma. Jumamosi nzima ilikwisha hapo na sikujuta, kwa sababu kila mara nilikuwa na namba mpya kwenye daftari. Ni sawa kabisa na kutafuta hitilafu kwenye programu: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika.

Sasa linganisha na kinachofanyika kwenye gereji nyingi. Rafiki yangu alilipa ili abadilishiwe krauni na pinioni, na kabla ya wiki tatu difu ikaanza kulia kama mbu ikifika kilomita 70 kwa saa. Tuliifungua kwangu. Vifuniko vya beringi za pembeni vilikuwa vimebadilishwa pande, cha kushoto kulia. Vifuniko hivyo vinachongwa kiwandani vikiwa mahali pake, ndiyo maana huwekwa alama kabla ya kufunguliwa. Nati ya pinioni ilikuwa imekazwa kwa tindo na nyundo. Ile bushi inayofinywa chini yake, ambayo hufinywa mara moja tu kisha hutupwa, ilikuwa ya zamani. Na shimu? Hazikuwepo. Nilipoiweka geji ilisoma 0.41. Hiyo ndiyo kazi ya "mtu mwenye mkono", kwa bei ya mkono!

Siwachukii mafundi, nisieleweke vibaya. Namjua mzee mmoja wa Industrial Area ambaye hafungi difu bila geji yake, na hukuonyesha meno yaliyopakwa rangi kabla hujamlipa. Fundi wa namna hiyo mpe pesa yako na umwongeze ya chai. Ninaowapinga ni wale wanaouza giza. Mwongozo wa matengenezo wa kiwanda una namba zote hizi, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na michoro ya alama za meno iliyo sahihi na isiyo sahihi. Si siri wala si karama. Ni jedwali!

Wengine wataniambia hatari. Ni kweli, hatari ipo: pinioni ikilegea ukiwa mwendo wa kasi, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama ghafla. Lakini hatari hiyo inatokana na kutopima, na kutopima kunafanyika vizuri sana chini ya ubao wenye jina la gereji. Hatari ya nyumbani ninayoiogopa zaidi ni mtu kuingia chini ya gari la tani mbili na nusu lililosimama juu ya jeki na matofali. Nunua stendi za chuma au usianze.

Na si kila kitu kinafanyika nyumbani. Beringi ya pinioni inataka presi. Mimi nilizipeleka kwa mwenye presi, nikalipia dakika kumi zake, nikarudi. Ekseli ya mbele ndiyo iliyonichosha: ile tufe ya chuma nyuma ya gurudumu ilikuwa imejaa uji mweusi wa grisi na oili, ishara kwamba sili ya ndani imekufa siku nyingi. Ukishafika hapo badilisha sili na beringi zote, usirudishe uchafu juu ya gia mpya. Krauni na pinioni pia husuguliwa pamoja kiwandani na kupewa namba moja. Ukiona mtu anakuuzia krauni ya huku na pinioni ya kule, mkimbie.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wenzangu wa kompyuta, watu wanaosoma nyaraka za kurasa mia tano bila kulalamika, wanaamini hadithi hii ya mkono. Magari yanayotoka kiwandani leo yamejaa programu ambazo mwenye gari hawezi kuziona, sembuse kuzigusa. Ekseli ya chuma haina nenosiri. Hicho kipande kimoja ambacho bado ni chako chote, unakikimbia?

Langu limeshatembea kilomita 300. Safari ya kwanza ilikuwa kilomita 25, kisha nikaliacha lipoe kabisa, kwa kuwa gia mpya hupata joto jingi. Halivuti mzigo mpaka lifike 800, ndipo nitamwaga oili na kuangalia vumbi la chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia.

Kama huna nafasi wala hamu, peleka gereji, sina ugomvi. Ila kabla hujaacha ufunguo muulize fundi mambo mawili: mchezo utakuwa milimita ngapi, na nitaona alama za rangi saa ngapi? Akicheka, panda gari lako uondoke.