Udongo Wako Unakwenda Malindi

Wewe uliyepewa shamba katika skimu huko Makueni, labda hujaiona bahari. Hata hivyo shamba lako limekwisha fika huko. Maji ya mvua yatokayo kwako huingia Thwake na vijito vingine, kisha Mto Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na mbele huitwa Sabaki, nao humwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua ikiwa nyingi, maji ya hapo huwa na rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio udongo wa juu, ule ulioutia samadi.

Kusini ya mto huo pana matumbawe, ambayo Serikali iliyafanya hifadhi mwaka 1968. Tumbawe si jiwe tu. Hujengwa na wanyama wadogo, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo sana inayowalisha kwa nguvu za jua. Tope likitanda, jua halifiki. Matumbawe yakifa, samaki hukosa maficho, na mvuvi hurudi na mtumbwi mtupu.

Tena bahari yenyewe inazidi kupata joto. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapoteza mimea yake, yakawa meupe, na mengi yakafa. Joto la bahari linazidi hasa kwa sababu ya moshi wa dunia nzima; jembe lako haliwezi kulizuia. Tope linaweza kuzuiwa kwa jembe.

Wako wasemao kwamba mkulima asisumbuliwe kwa ajili ya samaki wa watu wengine. Sikubaliani nao. Matuta ya fanya juu ni ya mahindi yako kwanza. Chimba mtaro ukifuata usawa wa kilima, tupa udongo upande wa juu, panda majani ya ng'ombe juu ya tuta. Na ukingo wa mto usiulime, ijapokuwa nyanya hustawi sana hapo.

Lakini si haki mkulima aambiwe peke yake, huku malori yakichota mchanga mitoni na kingo zikibomoka. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Mwenye lori naye aifuate.

Chimbeni Agosti na Septemba, mavuno yakiwa ghalani, mkisaidiana kwa mwethya. Mvua ya Novemba ikute mitaro tayari.