Kalafati ya Mashua

Mtu ajiundiaye mashua kwa mikono yake mwenyewe mara nyingi hudhani kwamba kazi imekwisha mara ubao wa mwisho ukiisha kupigiliwa misumari. Lakini hata fundi stadi hawezi kuunganisha mbao zikagusana sawasawa toka omo hata tezi. Mianya hubaki, nayo isipozibwa vema, mali na roho za watu zimo hatarini.

Kazi ya kuziba mianya hiyo huitwa kalafati. Mafundi wa pwani huifanya kwa vyombo vichache: pamba, mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, pamoja na nyundo ya mti na patasi butu iitwayo chembeu. Kwanza mwanya husafishwa, pamba kuukuu ikatolewa yote, maana pamba mpya haidumu juu ya pamba iliyooza. Kisha pamba husokotwa kama utambi, ikatiwa mafuta na kushindiliwa kidogo kidogo. Patasi haina budi kuwa butu, kwa sababu yenye makali hukata pamba na kujeruhi mbao.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba si pamba peke yake izuiayo maji. Ubao mkavu uingiapo majini huvimba, na kwa kuvimba huibana pamba pande zote mbili mpaka maji yakakosa njia. Ndiyo sababu mashua iliyokaa juani majuma mengi huvuja sana siku ya kwanza ikishushwa, na baada ya siku moja au mbili huvuja kidogo tu. Mwenye nayo asiende nayo mbali siku hizo. Aifunge karibu, afue maji na kungoja.

Akikosa saburi, akashindilia pamba kwa nguvu katika kila mwanya uliofunguliwa na jua, atajiletea hasara. Mbao zitakapovimba zitakosa nafasi, na msukumo wake waweza kuzing'oa katika mataruma. Ni afadhali aifunike kwa magunia yaliyoloweshwa maji siku kadhaa, ndipo atazame mahali palipo na kasoro ya kweli.

Kosa kubwa zaidi ni kuziba kwa saruji. Saruji ni ngumu, haifuatani na mbao. Zikivimba, huponda kingo zake, zikikauka, hubanduka. Mashua ya namna hiyo huonekana nzima ufukoni, lakini ikifika penye mawimbi ikaanza kunepa, kipande hutoka ghafula, na pwani iko mbali.

Wazee wa visiwa vya Lamu waliielewa sana tabia hii ya mbao. Mitepe yao ya zamani haikupigiliwa misumari, bali mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na chombo kiliweza kulegea kidogo kila kilipopigwa na wimbi bila kuvunjika.

Husemwa kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Mwenye nyumba aliyechelewa aweza kweli kuujenga ukuta wake upya. Mwenye mashua hapewi nafasi hiyo. Basi na auangalie ufa wake mapema, chombo kingali nchi kavu.