Bampa Si Pambo

Gari nyingi zinazotembea katika barabara za Unguja na Pemba zilitufikia zikiwa zimekwisha kutumika katika nchi nyingine, hasa Japani. Gari hizo zinapogongana, hata kwa mwendo mdogo, kiungo kinachoumia mwanzo ni bampa ya mbele. Hapo mwenye gari hutafuta bampa iliyotumika, ama hapa Visiwani ama Dar es Salaam, akaivusha bahari kwa chombo, akaifunga mwenyewe nyumbani kwa msaada wa jirani.

Jambo hilo si la kulaumiwa. Mwananchi anayejifunza kutengeneza chake kwa mikono yake huokoa fedha na wakati. Ila tunaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba kazi hii, rahisi kama inavyoonekana, ina upande wa usalama ambao wengi wetu tumeupuuza. Mara kwa mara tunakutana na gari ambazo bampa zake zimeshikwa kwa waya, kamba au mikanda ya plastiki, ncha moja ikining'inia kuelekea tairi. Bampa ya namna hiyo ikichomoka njiani, atakayeumia huenda asiwe mwenye gari, bali mpanda baiskeli au mtoto atokaye skuli.

Kosa linaanzia katika kutojua bampa ni kitu gani. Zamani ilikuwa ni kipande cha chuma kilichong'arishwa. Gari aina ya Renault 5, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1972, ilikuwa miongoni mwa gari za mwanzo kuuzwa kwa wingi zikiwa na bampa za plastiki, na tangu hapo mtindo huo umeenea ulimwenguni. Katika gari nyingi za leo kile tunachokiona kwa nje ni ganda tu. Nyuma ya ganda kuna sponji ngumu, na nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma iliyofungwa kwenye ncha za fremu. Ganda huleta sura na kuelekeza upepo kwenye rejeta. Kinachopokea pigo ni sponji na boriti. Kwa hiyo mtu anayefunga ganda jipya juu ya boriti iliyopinda, au pasipo boriti kabisa, amepaka chokaa nyumba isiyo na nguzo.

Wala bampa nzima isitazamwe kama ngao ya kila ajali. Huko Marekani, kanuni za miaka ya 1970 zilitaka bampa za gari ndogo zistahimili mgongano wa maili 5 kwa saa, na mwaka 1982 kipimo hicho kikashushwa hadi maili 2.5. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kazi ya bampa ni kupunguza hasara ya mgongano mdogo. Dereva mwenye haraka asijidanganye nayo.

Anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani na aifanye kwa utaratibu. Gari isimamishwe mahali pa sawa, breki ya mkono ivutwe, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Vishikizo vya juu, vya chini na vya ndani ya madigadi vitolewe kwa subira na kuwekwa katika chombo kimoja, kwani kishikizo kimoja kilichopotea ndicho kinachomtuma mtu kwenye waya. Waya za taa za ukungu zichomolewe kabla ya kulivuta ganda, na watu wawili walivute kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Kisha boriti na sponji vikaguliwe. Wakati wa kufunga, boliti zote zianzishwe kwa vidole, nafasi baina ya bampa, fenda na boneti isawazishwe, ndipo spana itumike. Kibao cha namba kirudishwe siku hiyo hiyo, na taa zijaribiwe kabla ya gari kutoka.

Sisi watu wa Visiwani tuna adui mmoja zaidi, nayo ni chumvi ya bahari. Boliti za mbele huota kutu, na anayezilazimisha huzikata, au huzing'oa nati zilizochomelewa ndani. Afadhali kuzitia mafuta ya kulegeza kutu na kuziacha usiku kucha kuliko kuzipiga nyundo. Zinaporudishwa zipakwe grisi, ili atakayezifungua kesho asitaabike.

Yapo mambo ambayo hayafai kufanywa nyumbani. Ikiwa fremu imepinda, ikiwa mifuko ya hewa ya usalama imefumuka, au ikiwa gari ina vifaa vya kupima umbali vilivyofichwa mbele, hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

Wafanyabiashara wa vipuri nao wana wajibu. Mnunuzi aelezwe mapema iwapo anauziwa ganda tupu au bampa kamili pamoja na boriti, sponji na vishikizo vyake. Kumwacha agundue upungufu huo akiwa amekwisha kufika Wete au Mkoani, bahari ikiwa baina yake na duka, si uungwana wa biashara.

Kwa wakuu wanaohusika tuna maombi matatu. Kwanza, wakaguzi wa vyombo vya moto wasiridhike na rangi ya bampa. Waitikise kwa mkono na kuangalia kilicho nyuma yake. Pili, vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vifikirie kutoa mafunzo mafupi ya jioni kwa wenye gari na vijana wa gereji za mitaani. Tatu, paandaliwe mahali pa kupokea maganda yaliyovunjika. Ardhi yetu ni ndogo, na moshi wa plastiki inayochomwa uani huwaingia majirani vifuani.

Huenda wapo watakaosema kwamba njia fupi ni kuwakataza watu kugusa gari zao. Hatukubaliani nao. Katazo la namna hiyo halitatekelezeka, na litawaumiza wenye kipato kidogo, ambao ndio wanaohitaji zaidi kujitegemea. Linalotakiwa ni elimu, uaminifu katika biashara na ukaguzi wa haki, usiobagua gari ya mkubwa na gari ya mnyonge. Gari za Serikali ziwe za mwanzo kuonesha mfano.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Boliti moja iliyokazwa vyema leo ni gharama ndogo mno mbele ya roho ya mtu.